Kila Koni Huvunjika

Ngoma na spika ni ndugu wasiofanana tabia. Zote mbili huishi kwa kiwambo kinachotetema, lakini ngoma husifiwa kwa sauti yake na spika husifiwa kwa kukosa sauti. Akiimba mwanamke tunataka kumsikia mwanamke; likipigwa gitaa la solo tunataka kusikia nyuzi; na kile kipande cha karatasi kilicho katikati ya mambo yote hayo, yaani koni, tunataka kijifanye hakipo. Nimeishi kwa kazi ya kipande hicho tangu nilipomaliza shule, kwanza kama kijana wa kubadilisha karatasi za spika Dar es Salaam, kisha kama mbunifu wa maboksi ya kumbi, nyumba za ibada na sebule za watu. Nilichojifunza ni kwamba hakuna kiwambo kinachoweza kujificha kabisa. Kila koni ina mahali inapoacha kutii. Kazi ya fundi ni kupajua mahali hapo, kupachagua, na kupanga mapema nini kitatokea pale.

Banda nililojifunzia lilikuwa Kariakoo, na lilinuka gundi na moshi wa kulehemu kuanzia asubuhi. Spika zilifika zikiwa na maradhi yaliyozoeleka: koili imeungua, karatasi imechanika, au inakwaruza kwa sababu koili imehama njia yake. Zilitoka kwenye bendi za dansi, misikitini, makanisani, kwenye magari ya matangazo, na ndani ya redio za nyumbani za National na Philips. Tulikata karatasi ya zamani, tukasafisha mwanya wa sumaku kwa utepe unaonata hadi usibaki hata unga wa chuma, tukaingiza vipande vya filamu ya eksirei kuzunguka chuma cha kati ili koili mpya ikae katikati bila kugusa. Kisha tukabandika spaida, kile kitambaa cha mikunjo kinachoishika koili katikati, tukabandika koni, tukabandika ukingo, tukaacha gundi ikauke usiku kucha. Filamu zikitolewa asubuhi, koni ilisukumwa kwa vidole vya mikono miwili, polepole, sikio likiwa karibu. Ukimya ulimaanisha malipo.

Mzee aliyenifundisha hakuwahi kukaa darasa la fizikia, lakini alikuwa na kipimo chake. Mfanyabiashara akileta shehena ya koni mpya, Mzee aliokota moja, akaishika ukingoni kwa vidole viwili, akaigonga kwa ukucha: karibu na shingo, katikati, halafu pembeni. Koni iliyolia kwa mlio mwembamba unaochelewa kufa aliirudisha kwenye boksi. Iliyotoa mlio mfupi, mkavu, usio na mwangwi, aliiweka upande wake. Nilimuuliza kwa nini anaziacha zile ngumu zinazolia vizuri. "Mwanangu," akasema, "koni inayojibu sana itajibu hata isipoulizwa."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba maneno yale yana hesabu ndani yake. Koili imefungwa kwenye shingo ya koni, na ni shingo peke yake inayosukumwa na umeme. Sehemu nyingine zote za koni hupata habari kwa kupitishiana ndani ya karatasi, kutoka shingoni kwenda ukingoni. Katika sauti za chini habari hiyo hufika mapema: koili inasonga mbele, ukingo nao unasonga mbele, na koni nzima inakwenda na kurudi kama kitu kimoja. Masafa yakipanda, koili inageuka kurudi kabla habari ya safari ya kwanza haijafika pembeni. Hapo shingo inakwenda nyuma huku ukingo bado unakwenda mbele. Koni inagawanyika katika pete na vipande, kila kimoja na mwendo wake, vingine vikifutana na vingine vikisaidiana kupiga kelele isiyokuwamo kwenye wimbo. Hiyo ndiyo maana ya kusema koni imevunjika. Haichaniki wala haiharibiki. Imeacha tu kuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo koni inadaiwa mambo matatu kwa wakati mmoja. Iwe kakamavu, ili habari isafiri haraka na kuvunjika kucheleweshwe. Iwe nyepesi, ili umeme mdogo uisukume. Na iwe na uwezo wa kuzima mtetemo wake yenyewe, ili itakapovunjika, kelele ife upesi. Ugumu wa kazi hii uko katika kwamba kila dai kati ya hayo hunyang'anywa na mengine. Ukiongeza ukakamavu kwa kutumia chuma, unapoteza uzimaji. Ukiongeza uzimaji kwa kupaka dawa, unaongeza uzito. Ukipunguza uzito kwa kukondesha karatasi, ukakamavu unaondoka. Sijapata kukutana na maada inayoshinda yote matatu, na nadhani kijana anayeingia kwenye kazi hii akiitafuta atapoteza miaka.

Umbo husaidia kabla hata ya maada. Chukua ukurasa wa gazeti uushike pembeni: unainama kwa uzito wake wenyewe. Usokote kama muuza karanga anavyosokota, na sasa unasimama, unabeba karanga, na ukiubonyeza kutoka kwenye ncha haulegei kirahisi. Karatasi haijabadilika, kilichobadilika ni kwamba ili ikunjwe sasa lazima inyooshwe na kubanwa, na karatasi hukataa kunyooshwa zaidi ya inavyokataa kuinama. Karibu kila spika tunayoifahamu imejengwa juu ya siri hiyo. Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric nchini Marekani, walipoeleza spika yao mwaka 1925, walikuwa na koili ndani ya sumaku na koni ndogo ya karatasi yenye ukingo laini. Kabla yao redio zililia kwa mabomba. Baada yao, miaka mia moja imepita, na ukifungua spika ya gari, ya televisheni au ya ukumbi wa harusi utakuta mpango wao karibu wote.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba karatasi nayo bado ipo. Wateja wangu huidharau. Mtu anauliza spika imetengenezwa kwa nini, nikimwambia karatasi anaona ameuziwa kitu cha bei rahisi. Huwa namweleza hesabu moja. Ukakamavu wa bapa dhidi ya kukunjwa hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake: ongeza unene maradufu, ukakamavu unakuwa mara nane. Sasa linganisha maada mbili kwa uzito ule ule badala ya unene ule ule. Karatasi ya koni ina hewa nyingi ndani ya nyuzi zake, hivyo kwa gramu zile zile inakuwa nene zaidi ya plastiki, na nene mara kadhaa kuliko alumini. Unene huo unailipia udhaifu wake. Katika kupinga kukunjwa, karatasi nyepesi inaweza kuishinda alumini ya uzito huo huo. Alumini inarudisha ushindi pale umbo la koni linapolazimisha maada kunyooshwa, na ndiyo maana koni ya chuma huchelewa kuvunjika. Habari husafiri ndani ya alumini kwa karibu mita 5,000 kwa sekunde, titani ni kama hivyo hivyo, na berili hupita mita 12,000. Karatasi iko kati ya 1,000 na 2,500 hivi, kutegemea ilivyotengenezwa.

Nambari hizo zilinivutia sana nilipoanza kubuni maboksi yangu mwenyewe. Nilisoma kwamba Yamaha walitoa spika ya NS-1000 mwaka 1974 ikiwa na viwambo vya berili kwa sauti za kati na za juu, nikaona hiyo ndiyo njia. Berili sikuweza kuinunua, na unga wake ni sumu kwa mapafu, lakini koni za alumini za inchi sita na nusu zilipatikana. Mwenye studio mmoja mjini aliniletea jozi ya spika za namna hiyo na malalamiko yake: herufi "s" za waimbaji zilikata masikio, na tarumbeta zilichosha kabla wimbo haujaisha.

Niliziweka mbele ya maikrofoni ya kupimia na kompyuta. Hadi hezi 4,000 mstari wa kipimo ulikuwa mzuri kuliko koni yoyote ya karatasi niliyowahi kuipima. Halafu, karibu na hezi 6,000, kilele kimoja kirefu kilichochongoka kilisimama peke yake. Hapo ndipo koni ile ilipovunjika, na kwa kuwa alumini haizimi mtetemo, ilivunjika kwa kishindo. Mwenye studio alishangaa, maana krosova, saketi inayogawa sauti kati ya spika, ilikuwa imeshakata sauti za koni ile kwenye hezi 3,000 na juu ya hapo twita, spika ndogo ya sauti za juu, ndiyo iliyofanya kazi. Kilele cha 6,000 kilimfikiaje? Jibu liko kwenye tabia ya spika zote: ikipiga noti ya hezi 2,000, koili na sumaku huzaa pia vivuli vidogo vya noti hiyo, cha 4,000 na cha 6,000. Vivuli hivyo huzaliwa ndani ya spika yenyewe, baada ya krosova, na krosova ya kawaida haiwezi kuvizuia. Kivuli cha 6,000 kilitua juu ya kilele na kikakuzwa. Tulipunguza masafa ya krosova ili koni iachie mapema zaidi, tukafunga koili, kapasita na rezista ya kuzuia mkondo kwenye masafa yale ya kilele, na malalamiko yakaisha. Koni haikubadilishwa. Tulichofanya ni kuipisha mahali inapovunjikia.

Tangu hapo sikuweza tena kuamini tangazo linalotaja maada tu. Swali langu likawa: inavunjikia wapi, na inavunjika vipi? Nikisoma historia ya kampuni kubwa kwa swali hilo, inasomeka tofauti. B&W wa Uingereza walianza kutumia koni za Kevlar katikati ya miaka ya 1970, na watu wengi walidhani sababu ni ugumu, kwa kuwa nyuzi hizo ndizo zinazotengeneza fulana za kuzuia risasi. Faida yenyewe ilikuwa mahali pengine. Kitambaa kilichofumwa ni kigumu kufuata nyuzi na laini kukatiza mshazari, kwa hiyo mtetemo hausafiri sawasawa pande zote, pete kamili haipati nafasi ya kujijenga, na kuvunjika kunatawanyika badala ya kukusanyika kwenye kilele kimoja. Mwaka 2015 kampuni hiyo hiyo iliiacha Kevlar kwenye spika zake za juu na kuleta kitambaa kingine ilichokiita Continuum, ikiendelea kutafuta kuvunjika kunakopoa zaidi.

Watu wa BBC walikuwa wameshaipita njia hiyo. Shirika lile lilikuwa na idara yake ya utafiti, na wahandisi wake walihitaji spika za kusikilizia kabla ya matangazo kwenda hewani, zinazofanana moja na nyingine. Karatasi iliwasumbua kwa sababu hubadilika kutoka shehena hadi shehena na hunywa unyevu. Wakajaribu plastiki iliyoitwa Bextrene, ambayo ilikuwa imara na sawasawa lakini ililia, ikabidi ipakwe dawa ya kuzima mtetemo. Koni za namna hiyo ziliingia kwenye LS3/5A, spika ndogo maarufu kuliko zote za BBC. Dudley Harwood, mmoja wa wahandisi wao, akageukia polipropilini, ambayo huzima mtetemo bila kupakwa chochote. Alipoondoka alianzisha kampuni mwaka 1977 akaiita Harbeth kwa kuunganisha jina lake na la mkewe Elizabeth, kama mwenzake Spencer Hughes alivyofanya kwa Spendor na jina la mkewe Dorothy. Polipropilini haina ukakamavu wa kujivunia. Huvunjika mapema, lakini huvunjika kwa upole, na kwa sauti ya mtu akizungumza upole huo ni bora kuliko mbio ndefu inayoishia kwenye ukuta.

Kutoka kwao nilichukua pia desturi ya kusikiliza maneno kabla ya muziki. Muziki husamehe mengi. Besi nzito huficha koni mbovu, na wimbo usioufahamu huwezi kuuhukumu. Lakini sauti ya binadamu tunaijua toka utotoni, na sikio halidanganyiki: kifua kikizidi unasikia mtu amefungiwa ndani ya pipa, pua ikizidi unajua koni inalia kwenye hezi mia nane au elfu moja. Boksi lolote ninalomaliza huliwekea taarifa ya habari kwanza, msomaji mwanamume na kisha mwanamke, kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo. Msikitini namwomba muadhini asome mwenyewe, kwa maana yeye na waumini wanaijua sauti yake kuliko kifaa changu.

Jambo lingine ambalo vitabu vya ugenini hulipitia haraka, na pwani yetu hailipitii, ni ukingo. Ukingo ule laini unaoshika koni kwenye fremu haupo kwa ajili ya kuiacha icheze tu. Ndiko habari iliyotoka shingoni inakofikia mwisho wa safari. Ikikuta ukingo unaoipokea na kuimeza, mambo yameisha. Ikikuta ukingo mgumu, au uzito unaobadilika ghafla, inageuka na kurudi shingoni, inagongana na habari mpya inayokuja, na kuvunjika kunaanza mapema. Nimeona koni mbili zilizotoka kwenye kalibu moja zikitofautiana sana kwenye mstari wa kipimo kwa sababu tu ya ukingo.

Sasa weka ukingo wa sponji kwenye hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja. Sponji ya poliyurethani hushambuliwa na unyevu na joto. Baada ya miaka kadhaa hunata vidoleni, kisha hukatika vipande. Spika za sebuleni zilizokuja na sponji, tulizipokea kwa wingi bandani zikiwa na koni nzima na ukingo ulioisha. Njia ya haraka ilikuwa kubandika kitambaa kilichopakwa dawa, ambacho hudumu. Lakini kitambaa ni kigumu zaidi, na ugumu wake hupandisha masafa ambayo koni inapenda kutetema yenyewe. Boksi lililopimwa kwa hesabu za Neville Thiele na Richard Small, ambazo ndizo mafundi wa dunia nzima hutumia tangu miaka ya 1970, linakuwa limepimwa kwa spika nyingine. Besi inapungua na mteja anadhani ameibiwa. Kwa nyumbani nikahamia raba, kwa kumbi nikabaki na kitambaa, na nikazoea kupima upya kila spika niliyoibadilishia ukingo kabla ya kuirudisha kwenye boksi.

Uzito nao ulileta mabishano yake. Wenye muziki wa harusi na vigodoro wanapenda besi inayotikisa bati, na wapo walioomba niwawekee koni nzito, wakisema nzito ndiyo inayoshuka chini. Wana hoja: ukiongeza uzito, masafa ya asili ya koni yanashuka. Lakini bei yake ni kali. Ili masafa hayo yashuke nusu, uzito lazima uwe mara nne. Na kila uzito unapokuwa maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6, ambazo kuzirudisha kunahitaji amplifaya yenye nguvu mara nne, na jenereta ya kuilisha, na koili itakayostahimili joto lake. Niliwaambia waongeze boksi na spika badala ya kuongeza gramu. Koni kubwa, au koni nyingi, husukuma hewa nyingi bila kutembea mbali. Na umbali ndio unaoua spika za besi, kwa kuwa kushuka kutoka hezi 100 hadi 50 kwa sauti ile ile hudai koni itembee mara nne zaidi.

Hata hivyo uzito mdogo, uliowekwa mahali pake, unaweza kufanya maajabu. Mzee wangu alikuwa na kopo la dawa nyeusi ya kunata, na kwenye koni fulani alipaka pete nyembamba kati ya shingo na ukingo. Nilidhani ni urembo. Kumbe kule India C. V. Raman, mwanafizikia aliyepata tuzo ya Nobel, alikuwa ameshaeleza jambo la jirani kuhusu tabla, ngoma ileile iliyosindikiza taarabu ya Mombasa yenye mahadhi ya Kihindi. Lile doa jeusi juu ya ngozi ya tabla huongeza uzito katikati, na uzito huo hupanga mitetemo ya ngozi ikae kwenye noti zinazopatana. Mpiga tabla hutumia doa ili kiwambo chake kiimbe. Mzee alitumia pete ili kiwambo chake kinyamaze. Mikono tofauti, kanuni moja: weka uzito kidogo mahali ambapo mtetemo usioutaka una tumbo kubwa, nao utalegea. Leo napata mahali hapo kwa kupiga noti moja ya masafa yanayosumbua, kisha kugusa koni kwa ncha ya kidole, pointi kwa pointi, hadi pale ambapo mguso unabadilisha sauti ghafla.

Wapo pia watu wanaoutaka uvunjikaji wenyewe. Mpiga gitaa la solo wa bendi moja ya dansi aliniletea spika ya inchi 12 akakataa koni zote nilizompa, nzuri na safi, akisema zimekufa. Alikuwa sahihi. Spika ya gitaa haina twita. Koni yake ni nyembamba, ukingo wake ni karatasi ileile iliyokunjwa, na kati ya hezi 2,000 na 5,000 inavunjika kwa makusudi. Huko ndiko gitaa linakopata makali yake. Dave Davies wa The Kinks aliikata koni ya amplifaya yake kwa wembe ili apate mkwaruzo wa wimbo wao wa mwaka 1964, "You Really Got Me". Hapa Dar es Salaam, muziki wa mchiriku ulijenga ladha yake juu ya kinanda kidogo cha bei nafuu na bomba la sauti linalopasua. Koni ya gitaa ni sehemu ya chombo cha muziki, kama kibuyu kilivyo sehemu ya marimba. Koni ya msikitini si chombo. Fundi asiyeuliza koni itatumika wapi hawezi kujua kama ni nzuri au mbaya.

Kisa cha Yamaha NS-10 kinanifundisha jambo hilo hilo kila ninapokirudia. Ilitoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani na haikupendwa sana. Koni yake nyeupe haikumiminwa kwenye kalibu. Ilikatwa kutoka kwenye bapa la karatasi, ikakunjwa na kuunganishwa kwa gundi. Watayarishaji wa muziki wakagundua kwamba spika hiyo haifichi kitu: sauti za kati ziko mbele, na ikisimamishwa inasimama mara moja. Ikajaa kwenye studio duniani kote. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2001, na sababu iliyotolewa na kampuni ni kwamba rojo ya mbao ya kutengenezea karatasi ile haikupatikana tena. Sumaku zilikuwepo, koili zilikuwepo, maboksi yalikuwepo. Kilichokosekana ni nyuzi za mti fulani.

Ni kisa hicho kilichonipeleka kwenye kutengeneza koni zangu mwenyewe. Viwandani rojo ya nyuzi na maji huvutwa kwa ombwe kupitia wavu wenye umbo la koni. Maji hupita, nyuzi hubaki zimeshikana. Nilijenga wavu wangu kwa waya wa chujio, nikauunganisha na mashine ya kuvuta vumbi inayostahimili maji, nikaanza na maboksi ya katoni yaliyolowekwa. Halafu nikaagiza mkonge kutoka Tanga na sufi kutoka kwa mtengeneza magodoro. Unyuzi wa sufi ni mrija mtupu uliojaa hewa na wenye nta inayokataa maji, na kwa fundi wa koni hiyo ni zawadi: wepesi na kinga ya unyevu kwa pamoja. Mkonge ni kinyume chake, mrefu na wenye nguvu, lakini usipokatwa mfupi, ukachemshwa kwa magadi makali na kupondwa vya kutosha, hujifunga mafundo, na fundo moja upande mmoja wa koni linatosha kuifanya iyumbe.

Mchanganyiko ulionipa matokeo mazuri ulikuwa wa katoni nyingi, mkonge kiasi na sufi kidogo. Lakini kilichonishtua hakikuwa mchanganyiko. Rojo ileile, nikiikausha kwa kuibana sana kwa joto, ilitoa koni nyembamba, kali, yenye kilele cha kuumiza. Nikiiacha ikauke bila kubanwa, ilitoa koni nene, tulivu, iliyovunjika polepole. Tofauti kati ya koni hizo mbili za rojo moja ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya rojo mbili. Wakati mteja anapouliza spika imetengenezwa kwa nini, swali la pili analopaswa kuuliza ni imetengenezwaje.

Siandiki haya nikitangaza kwamba mkonge umeshinda. Koni zangu hazikulingana moja na nyingine, na spika mbili za jozi moja lazima zilingane. Ila naona mlango. Focal wa Ufaransa walileta mwaka 2013 koni za kitani, zao linalolimwa kwao, wakazilaza nyuzi zake kati ya tabaka mbili nyembamba za nyuzi za kioo. Hawakulitumia kwa uzalendo tu. Walilipima, wakaona uzito wake, ukakamavu wake na uzimaji wake vinakaa pamoja vizuri. Tanzania ni miongoni mwa wakulima wakubwa wa mkonge duniani, na misufi imeota kwetu bila kuombwa. Kwa hiyo kijana wa chuo cha ufundi atakayeichukua kazi hii asianze na bango la "spika ya kwanza ya mkonge". Aanze na mizani, maikrofoni na mstari wa kipimo. Aandike koni yake inavunjikia masafa gani na kilele kina desibeli ngapi, atengeneze kumi zinazofanana, kisha azipeleke Tanga zikae masika yote kwenye hewa ya bahari. Zikirudi na mstari uleule, hapo nitazinunua.